Kupimwa Mafua: Ni Hiari ya Mgonjwa au Ni Deni kwa Jirani?

Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi wetu huieleza kwa njia moja. Husema kwamba mtu akiuficha ugonjwa wake, ugonjwa utamzidi, atakufa, na siri yake itajulikana na kila mtu. Maelezo hayo ni sahihi, nasi huyapa alama. Hata hivyo yana upungufu mmoja: yanachukulia kwamba yule aliyeficha na yule atakayekufa ni mtu mmoja. Je, itakuwaje ikiwa aliyeficha atapona katika wiki moja, na kifo kikaenda kubisha hodi katika nyumba nyingine? Nani ataumbuka hapo?

Swali hilo ndilo tunalokusudia kulijadili katika makala haya. Tutalijadili kwa kuutazama ugonjwa ambao wengi wetu hatuuhesabu kuwa ugonjwa, nao ni mafua. Mtu mwenye mafua huenda shambani, huenda sokoni, huenda darasani. Akiulizwa hali, hujibu kwamba ni mzima ila mafua tu. Katika neno hilo "tu" ndimo ilimofichika hoja yetu.

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kuyatazama maneno yenyewe, kama ilivyo ada ya walimu wa lugha. Msemaji wa Kiswahili kutoka Kenya akisema ana homa, aghalabu maana yake ni kwamba pua inamtiririka na koo linamwasha. Msemaji wa Tanzania akisema ana homa, maana yake ni kwamba mwili wake umepanda joto. Pua ikimtiririka atasema ana mafua. Huku kwetu mashariki ya Uganda, ambako Kiswahili kinakutana na Kigisu, Kisoga, Kiteso na Kiganda, mtu akisema ana homa msikilizaji hukata shauri papo hapo kwamba ni malaria. Basi neno ni moja, maradhi ni matatu, na mgonjwa aweza kupewa dawa ya neno badala ya dawa ya ugonjwa.

Jambo hili si la darasani peke yake. Mwaka 2002 Serikali ya Uganda ilianzisha mpango wa kuwatibu nyumbani watoto wenye umri chini ya miaka mitano waliopatwa na homa. Dawa zao zilifungwa katika pakiti zilizopewa jina la Homapak. Jina lilisema homa, lakini dawa zilizokuwamo zilikuwa za malaria. Hatusemi kwamba mpango huo ulikuwa wa kipumbavu. Malaria ilikuwa ikiwaua watoto, zahanati zilikuwa mbali, na kungoja kulikuwa hatari kuliko kukisia. Lakini ulikuwa ni ukisiaji. Ilipofika mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Kwa maneno mengine, wataalamu walikiri jambo ambalo mwalimu wa lugha angeweza kuwaambia zamani: homa si jina la ugonjwa, homa ni dalili, na anayetaka jina hana budi kupima.

Sasa tukitazame kitenzi chenyewe, pima. Fundi cherehani hupima nguo, mwenye duka hupima sukari, mwalimu hupima maarifa ya wanafunzi wake. Katika hayo yote mpimaji yuko upande mmoja na kipimwacho kiko upande wa pili. Kauli ya kutendwa, kupimwa, humweka mtu mahali pa sukari. Si ajabu basi kwamba watu wengi hawapendi kupimwa. Nani apendaye kuwekwa juu ya mizani na mtu mwingine? Lakini lugha yetu ina njia ya tatu. Ina kile kiambishi kidogo -ji-, kimfanyacho mtu awe mpimaji na mpimwa kwa wakati mmoja. Kujipima ni jambo tofauti na kupima, na ni tofauti pia na kupimwa. Tutarudi katika neno hilo mwishoni.

Sisi tuandikao maneno haya tulifundishwa somo hili nje ya darasa. Mwezi wa Juni mwaka 2019 tulikuwa Mbale, na tulikuwa na mafua. Yalikuwa mafua yenye homa na kikohozi kikavu, na viungo viliuma kana kwamba tulikuwa tumelima kutwa. Siku ya pili tulikwenda katika kituo kimoja cha afya kutafuta dawa ya kutuliza maumivu. Damu ilitazamwa, malaria haikuonekana. Ndipo muuguzi alipotueleza kwa upole kwamba kituo kilikuwa kikikusanya sampuli za wagonjwa wa mafua na kuzipeleka maabara. Akaomba ruhusa.

"Mwalimu, naomba tuchukue sampuli kidogo puani," alisema. "Ni kijiti tu chenye pamba. Hakuna malipo."

Tuliuliza jibu litatoka lini. Alisema huenda likachukua siku kadhaa. Tuliuliza kama dawa zetu zitabadilika. Alisema la, dawa ni zile zile: kupumzika, maji mengi, na vidonge vya kutuliza homa. Tulimshukuru, tukakataa. Kijiti hakikuwa na manufaa kwetu, na kesho yake tulikuwa na safari. Muuguzi hakubishana nasi. Alisema neno moja tu: "Haya, Mwalimu, lakini siku hizi chache usikae karibu na wazee."

Kesho yake tulipanda basi dogo la abiria 14, lile tuliitalo huku teksi, tukafuata barabara ya Tirinyi, tukapita mabonde ya mpunga mpaka Iganga, na alasiri tukafika Jinja. Tulikuwa tukienda Walukuba kumtazama shangazi yetu, mjane aliyekuwa amepita miaka 70. Marehemu mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha nguo zama viwanda vya Jinja vilipokuwa vikiajiri watu wa kila kabila, na katika mtaa ule wa wafanyakazi shangazi alijifunza Kiswahili cha majirani, kisicho na ngeli nyingi lakini chenye ukarimu mwingi. Tulimpelekea malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani ambayo Wagisu huyakausha kwa moshi, maana aliyapenda sana. Tulikula naye sahani moja. Alipotusikia tukikohoa alisema, "Pole mwanangu, hiyo senyiga itapita," akatupikia chai ya tangawizi.

Kwetu sisi ilipita. Siku ya tano baada ya kuondoka kwetu, shangazi alipatwa na homa na kikohozi. Ikageuka kuwa nimonia. Alilazwa hospitali, na baada ya siku tisa alifariki dunia.

Hatusemi kwamba tulimuua. Hatuwezi kusema hivyo, kwa kuwa hatujui. Katika mtaa ule wakati ule walikuwamo wengine waliokohoa, na mtu wa umri wake aweza kupatwa na nimonia kwa njia nyingi. Lakini vile vile hatuwezi kusema kwamba hatukumuua. Lau tungekubali kile kijiti, labda leo tungekuwa tunajua angalau jina la kitu tulichokibeba kutoka Mbale. Mtu aweza kuomba msamaha kwa kosa alilolitenda; aweza kushukuru kwa kosa ambalo hakulitenda. Lakini aliyekataa kujua hana la kuomba wala la kushukuru. Amebaki katikati.

Kisa hiki tumekisimulia kwa sababu hoja zote dhidi ya kupimwa mafua tulizitumia sisi wenyewe siku ile, na tungali tunaziona kuwa zina uzito. Ni haki tuzitazame moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba kipimo hakina faida kwa mgonjwa. Mafua husababishwa na virusi, na dawa za kuua bakteria haziviui virusi. Iko dawa inayopunguza nguvu za virusi vya mafua, lakini hufaa zaidi ikianzwa katika saa 48 za mwanzo, nayo haipatikani katika zahanati nyingi. Kwa wengi wetu, jibu likisema ndiyo au likisema hapana, tiba ni kitanda na maji.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inachukulia kwamba faida pekee inayostahili kuhesabiwa ni ya yule mwenye pua. Tutazame safari ya kijiti kile. Sampuli za mafua zinazokusanywa nchini Uganda hupelekwa Entebbe, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Virusi, ile iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya kuchunguza homa ya manjano, na ambayo watafiti wake mwaka 1947 walivigundua virusi vya Zika kwa nyani aliyewekwa katika msitu wa jina hilo. Hapo hutambuliwa ni aina gani ya virusi inayozunguka nchini. Habari hizo huunganishwa na za nchi nyingine katika mtandao wa maabara ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1952, na mara mbili kila mwaka, Februari na Septemba, wataalamu huamua chanjo ijayo iwe na virusi vya aina gani. Virusi vya mafua hubadilika badilika. Chanjo ya mwaka juzi yaweza isifae mwaka huu. Kwa hiyo kamasi ya mkulima wa miteremko ya Masaba yaweza kuwa neno moja katika ushahidi utakaomlinda mwanamke mjamzito wa nchi ambayo mkulima huyo hataiona maishani.

Tumesema ushahidi, na neno hili tumelichagua. Shahidi hafaidiki na kesi. Hupoteza siku yake, hukaa barazani mahakamani, huulizwa maswali ya kuudhi, kisha hurudi nyumbani mikono mitupu. Hata hivyo hakuna jamii inayoweza kuishi kwa haki pasipo mashahidi. Anayekubali kupimwa mafua huuazima mwili wake useme kweli kwa niaba ya watu asiowajua.

Na tusidhani kwamba kweli hiyo ni ndogo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mafua ya kila mwaka huua watu kati ya 290,000 na 650,000 ulimwenguni kwa maradhi ya njia ya pumzi. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikikaribia kwisha, mafua makali yalienea ulimwengu mzima na kuua mamilioni ya watu. Makadirio yanayotajwa sana ni milioni 50. Afrika Mashariki haikusalimika. Ugonjwa uliingia kwa njia ya bandari, ukafuata reli na njia za askari na wapagazi mpaka bara. Watu wa wakati ule hawakukataa kupimwa. Hawakuwa na kipimo. Madaktari wengi walidhani kwamba ugonjwa ule uliletwa na bakteria, na virusi vya mafua ya binadamu havikutambuliwa mpaka mwaka 1933, katika maabara ya London. Babu zetu walikufa bila jina la kilichowaua, na hawakuwa na la kufanya. Sisi tunalo la kufanya, na ndiyo maana ujinga wetu una hukumu ambayo ujinga wao haukuwa nayo.

Hoja ya pili ni ya maskini, na hii ndiyo nzito kuliko zote. Mwendesha bodaboda wa Jinja akiambiwa ana mafua na akae nyumbani siku tano, watoto wake watakula nini siku hizo? Mama auzaye nyanya katika soko la Mbale hawezi kuziambia nyanya zingoje. Kwa watu hao kutojua si uzembe; ni ngao. Hapa hatuna budi kuwa waadilifu. Ikiwa faida ya kipimo ni ya jamii nzima, si haki gharama yake iwe ya mtu mmoja. Jamii inayomwomba mgonjwa aseme kweli, kisha ikamwacha alale njaa kwa sababu ya kweli hiyo, haikuomba, imenyang'anya. Lakini hoja hiyo haimkingi kila mtu. Sisi tulikuwa waalimu wenye mshahara, na safari ile ingeweza kungoja wiki moja. Ngao ya maskini haimfai asiye maskini.

Hoja ya tatu ni ya imani. Wako wasemao kwamba ugonjwa na uzima viko mikononi mwa Mungu, na aliyeandikiwa kufa atakufa, apimwe asipimwe. Nasi tunaamini kwamba uhai uko mikononi mwa Mungu. Lakini imani hiyo haijapata kuwa ruhusa ya kuzembea. Katika mafundisho ya Kiislamu imo hadithi mashuhuri ya Mtume inayokataza kuiingia nchi yenye tauni, na inayomkataza aliye ndani yake kutoka kwa kuikimbia. Khalifa Umar, alipokuwa njiani kwenda Sham na kupata habari za tauni, aligeuza msafara. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, jibu lake lilikuwa na maana kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu na kuingia katika kadari nyingine. Aliyekatazwa kutoka amekatazwa kwa ajili ya wengine, wala si kwa ajili yake. Maana yake ni kwamba mwili wa mgonjwa, hata mbele ya Mungu, una wajibu kwa majirani.

Hoja ya nne haisemwi kwa sauti, nayo ni woga. Hapa Mbale tunajua habari za ujasiri. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wa Kigisu husimama mbele ya umati katika tohara ya imbalu, na kijana hatakiwi hata kupepesa macho. Jamii inayoweza kusimama mbele ya kisu vile haiogopi kijiti chenye pamba. Hatuogopi maumivu. Tunaloogopa ni kile ambacho jibu litatudai: kuahirisha safari, kukaa mbali na tunaowapenda, kuonekana kuwa hatari.

Woga huo una historia katika miji hii miwili. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, wakati ambapo wengi walikuwa wakiufunika ugonjwa huo kwa majina mengine. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Mwaka 1990 ilifunguliwa Kampala huduma ya watu kupimwa virusi vya UKIMWI kwa hiari yao, na baadaye matawi yakafunguliwa katika miji mingine, Jinja na Mbale ikiwamo. Msomaji na akumbuke hali ya siku zile. Dawa za kufubaza virusi hazikuwapo kwa watu wa kawaida. Aliyekwenda kupimwa hakuahidiwa tiba. Kwa hesabu ile ile tuliyoifanya sisi mwaka 2019, hapakuwa na faida yoyote ya kujua. Na bado watu walikwenda. Walikwenda wachumba kabla ya ndoa, walikwenda wazazi waliotaka kupanga nani atawalea watoto. Walikuwa wakijibu swali ambalo si la dawa: mimi ni nani kwa watu wanaonitegemea? Wakilinganishwa nao, sisi tuliokataa kijiti cha mafua hatuna pa kuuficha uso.

Hata hivyo hatutaki kuandika kana kwamba kila kipimo ni wema. Mwaka 2020 tuliuona upande wa pili. Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa Uganda tarehe 21 Machi mwaka huo, mipaka ikafungwa kwa abiria, na magari ya mizigo peke yake yakaruhusiwa kupita. Pale Malaba na Busia madereva walisimamishwa wapimwe, na misururu ya malori ikawa ya kilometa nyingi. Watu walilala chini ya magari yao siku kadhaa wakingoja majibu. Lugha ya misururu ile ilikuwa Kiswahili, lugha yetu. Na neno "dereva" liligeuka kuwa tusi katika vijiji vya kando ya barabara. Watu ambao jana walimuuzia dereva chai, leo walimfukuza kwa kelele, ajapokuwa ndiye aliyewaletea chumvi, mafuta na dawa. Kupimwa kwao kulikuwa kwa lazima, na kulikuwa na sababu. Kutukanwa kwao hakukuwa na sababu.

Kutokana na mfano huo tunapata kanuni ya upande wa pili wa deni. Ikiwa mgonjwa anadaiwa kweli, basi jamii nayo inadaiwa mambo matatu. Kwanza, imwombe kabla ya kumlazimisha, na imweleze sampuli yake inakwenda wapi na kwa ajili gani. Pili, imrudishie jibu, maana si adabu kuchukua habari za mwili wa mtu na kumnyima mwenyewe. Tatu, isimwadhibu kwa jibu hilo, wala kwa njaa wala kwa maneno. Mahali ambapo mambo hayo matatu hayapo, hatuna ulimi wa kumlaumu anayejificha.

Sasa tukirudie kile kiambishi -ji-. Tuseme kwamba siku ile ya Juni tungekubali. Sampuli ingekwenda Entebbe, na jibu lingerudi baada ya siku kadhaa, wakati ambapo safari yetu ya Jinja ilikuwa imekwisha. Je, si kweli basi kwamba kipimo kisingemsaidia shangazi? Tumelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na jibu letu ni kwamba kingemsaidia. Aliyekubali kuchukuliwa sampuli amekubali kwanza kuulizwa: yamkini ni mimi? Na mtu aliyekwisha kujiuliza swali hilo kwa dhati hawezi kupanda basi kesho yake kwenda kula sahani moja na mzee wa miaka 70, akingoja jibu. Muuguzi alitupa shauri la kutokaa karibu na wazee, lakini masikio yetu yalikuwa yameziba, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kukataa kwamba jambo lile linatuhusu. Kipimo huanza kabla ya maabara. Huanza pale mtu anapojihesabu kuwa miongoni mwa wale wanaoweza kudhuru.

Kwa hiyo hata penye upungufu wa vijiti na maabara, na vijiji vingi vya mashariki viko hivyo, wajibu haukosekani. Asiyeweza kupimwa aweza kujipima. Ana homa na kikohozi, na malaria haikuonekana. Basi na achukulie kwamba ana kitu kinachoambukiza, aahirishe kumtembelea mzazi mgonjwa, akae kando na mtoto mchanga, afunike mdomo akohoapo. Hatasalimisha kila mtu, maana mafua huweza kuambukiza siku moja hata kabla ya dalili kuonekana, na hakuna binadamu anayedaiwa asilolijua kabisa. Lakini anadaiwa lile analoweza kulijua.

Na sisi waalimu tunalo letu la kujipima. Katika shule nyingi hutolewa zawadi mwisho wa mwaka kwa mwanafunzi ambaye hakukosa darasa hata siku moja. Tumezitoa zawadi hizo kwa mikono yetu. Je, tulipata kujiuliza ni siku ngapi kati ya hizo mtoto huyo alikuja akiwa na homa, akakaa katika dawati la watoto wanne, kwa kuwa aliona aibu kuivunja hesabu yake? Nasi wenyewe mara ngapi tumesimama ubaoni tukikohoa, tukisifiwa kwamba tuna moyo wa kazi? Tulipofunga shule Machi 2020, na zisifunguliwe zote mpaka Januari 2022, tulilia kwa uchungu kwamba watoto wanapotea. Ni juu yetu kuonyesha kwamba tulijifunza kitu katika muda huo mrefu, angalau kuandika katika daftari la mahudhurio alama ya tatu baina ya "yupo" na "hayupo", yaani "yu mgonjwa, amefanya vema kubaki nyumbani".

Methali tuliyoanza nayo tungali tunaifundisha. Wanafunzi wakisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, tunawapa alama kama zamani, kisha tunawauliza: kifo cha nani? Darasa hunyamaza kidogo. Wako wajibuo upesi na wako wanaofikiri. Mmoja akituuliza sisi tunaonaje, humsimulia habari za mwanamke mmoja wa Walukuba aliyependa malewa, na humwambia kwamba jibu lake hatunalo.